Kumpeleleza Mzimu wa Dulcie

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeingia! Hoteli ya Dulcie Trembath, ya tangu 1868, chumba namba nne, chenye mzimu. Nimejiita Profesa Lionel wa Melbourne. Masharubu ya bandia, kofia, miwani ya mke wangu Glenys. Sioni vizuri, lakini nani atanijua?

Mimi nina motel, hoteli ya wasafiri wenye magari, upande wa pili wa mji huu huu. Ina viyoyozi, ina maegesho, haina wageni. Kwa Dulcie choo kiko mwisho wa korido, sakafu inalia, na vyumba vinagombaniwa! Glenys amesema wageni wasipoonekana kufikia Krismasi, tunauza na kuhamia kwa dada yake mjini Dubbo. Dada yake anafuga kasuku ndani ya nyumba. Siendi!

Siri ni mzimu. Watu husikia nyayo darini. Lazima nijue Dulcie anafanyaje.

Jioni, baa. Nilikaa na wakata manyoya ya kondoo. Kila mmoja hununulia kundi zima bia kwa zamu. Nikanywa ya huyu, nikanywa ya yule, nikizungumza kiprofesa. Zamu yangu ilipokaribia nikabanwa ghafla, nikaenda chooni. Niliporudi mmoja wao, Merv Hanrahan, akasema, "Karibu, Nev! Wilaya nzima yupo mtu mmoja tu ambaye kibofu chake kinajua zamu." Baa nzima ikaangua kicheko. Jina langu halisi! Na masharubu yalikuwa yamekaa vizuri kabisa!

Jumamosi, 8 Novemba

Dulcie hakunifukuza. Aliniongezea soseji, akauliza, "Profesa, Glenys hajambo?" Huyu mama ana jambo. Wema wa namna hii si bure.

Mchana watu wote walikuwa baani wakisikiliza kriketi. Nikapanda darini. Nikatafuta nyaya, spika, kamba. Hakuna! Familia ya posamu tu, wanyama wa mitini wakubwa kama paka, wamelala juu ya mbao, macho makubwa, mikia minene. Kumbe hao ndio nyayo! Lakini nani kawafundisha? Nikamsogelea mkubwa nimkague shingoni, pengine amevishwa kitu. Akanirukia usoni. Nikarudi nyuma, chokaa ya dari ikaachia, nikashuka nayo hadi kwenye korido, mweupe toka utosini hadi viatuni, nikipiga mayowe.

Wanawake wawili wa Adelaide walikuwa wanatoka kuoga. Wakapiga kelele. Halafu wakashangilia! "Ndiye! Mzimu mwenyewe!" Wakanipiga picha nikikimbia.

Kufikia jioni picha imeenea kote na simu ya Dulcie haipumziki. Nimemjazia hoteli hadi Pasaka. Mimi! Kwa mikono yangu!

Jumapili, 9 Novemba

Nilidhani Dulcie atanidai dari. Akaniletea chai barazani, akakaa. Nikamuuliza waziwazi: siri ni nini?

Akacheka. "Mara ya kwanza wanakuja kwa mzimu, Nev. Mara ya pili wanakuja kwa Merv." Akasema mgeni hufika peke yake, na jua likizama tayari yumo kwenye zamu ya bia, anajua majina ya watu na ya mbwa wao. "Wewe unampa ufunguo kidirishani, kisha unafunga kidirisha. Kaa na watu, mwanangu. Na ikifika zamu yako, nunua."

Macho yalinilowa, nakiri. Sikutegemea. Merv alinibebea begi hadi kwenye gari, akasema kiti changu kipo, ila njia ya chooni wataiziba.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimetafakari usiku kucha. Dulcie mjanja, lakini ulimi umemponza! "Mara ya kwanza wanakuja kwa mzimu." Kakiri kwa kinywa chake! Hayo mengine ya Merv na mbwa ni ya kunipoteza maboya.

Kasoro ya motel yangu sasa naiona. Tangu ijengwe, hakuna mtu hata mmoja aliyefia humo.

Nimempigia simu mama mkwe. Ana miaka tisini na moja na moyo wake si mzima. Nimemwambia chumba namba sita ni chake, bure, hadi mwisho. Amelia kwa furaha. Anasema miaka yote hii hakujua nina roho nzuri hivi. Glenys amenibusu mbele ya mfua shuka.

Kibao cha mlango wa namba sita nimeshakiagiza, chenye jina lake. Tarehe nimeacha wazi.