Kiapo Changu na Keki ya Yasinta

Leo aibu imenikuta nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nyumbani kwangu, na keki mdomoni.

Nawaandikia kwenye simu kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nimeishia darasa la nne, lakini aibu haiulizi cheti. Nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Mama Boay, maana Mama Boay akisimulia jambo huongeza chumvi, na hili limeshakolea.

Nianzie kwenye boga.

Mwaka juzi boga la jirani yangu Martina lilitambaa, likapenya ua wa minyaa, likaja kuzaa katikati ya mbaazi zangu. Shina kwake, tunda kwangu. Nikalichuma, nikalipika, nikalila. (Lilikuwa tamu sana. Neno hili sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.) Martina akaja akasema nimemwibia. Nikamwambia boga limekuja kwangu kwa miguu yake. Akasema shina ndilo mama, na mtoto hufuata mama. Tukabishana wiki nzima, hadi Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa ilipokutana kwa mzee Tluway, mwenyekiti wetu. Nikasimama pale nikaapa, sauti juu: boga la Martina likipita tena kwenye koo hili, nitabeba jingine kichwani kutoka shambani kwake mpaka kanisani, mchana, watu wakiniona.

Walionisikia nawakumbuka wote, ingawa ningefurahi kuwasahau. Mzee Tluway na mkewe Fabiola. Mama Boay. Naishiye, aliyeolewa hapa kutoka Enguserosambu, Umasaini. Deogratias fundi baiskeli. Na mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Fabiola, Inosenti, ambaye sasa anatembea na anajua kusimulia.

Tangu siku hiyo mimi na Martina ni Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, basi. Hata chumvi hatuombani.

Mwaka huu presha ikanipanda. Nesi Veronika wa zahanati akaniambia nipunguze sukari na mafuta, nile mboga na matunda kila siku. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina meno manne, na yanayokutana ni mawili. Mboga nimezila tangu nazaliwa, zimenichosha na mimi nimezichosha. Nilipofika nyumbani nikamwambia mjukuu wangu Yasinta, ninayeishi naye, kwamba sitaki kuona mboga ya aina yoyote kwenye sahani yangu.

Yasinta hakubishana. (Hapo ndipo ningeshtuka. Huyu ni mtoto wa mwanangu Safari, na Safari alianza kubisha siku ya kuzaliwa kwake, alitanguliza miguu.)

Yasinta ni mpishi kwenye hoteli ya wageni wanaokwenda kreta ya Ngorongoro. Siku yake ya mapumziko ni Alhamisi. Basi kila Alhamisi akaanza kunipikia keki ya chokoleti. Moto chini, moto juu ya mfuniko, sufuria katikati. Alisema hotelini wageni wanaigombania. Ilikuwa nyeusi, laini, inayeyuka yenyewe mdomoni. Meno yangu mawili yalikuwa yanakutana kusalimiana tu.

Ila alikuwa hataki nikae jikoni. Alisema keki haitaki upepo, mlango ukifunguliwa inanywea. Nami nikawa natoka, nakaa nje na rozari yangu, nimeuegemea mlango upepo usipite. Miezi mitatu nimekaa mlangoni nalinda kudanganywa kwangu mwenyewe. Mimi, ambaye pua yangu hujua nani ameunguza maharage nyumba ya nne.

Presha ikatulia. Nesi Veronika akaniuliza nakula nini siku hizi. Nikamwambia keki ya chokoleti. Akadhani namtania.

Mimi nikapiga hesabu zangu za darasa la nne. Nikaona jambo ni moja: mwili umepona kwa sababu nimeacha boga la Martina. Nikaanza kulitangaza. Nikalisema kisimani. Nikalisema kwenye mashine ya kusaga. Nikalisema hata kwenye msiba wa mzee Qamara. (Mungu amrehemu yeye, na mimi anisamehe.)

Sasa leo. Jumuiya ilikuwa zamu yangu. Yasinta aliomba ruhusa kazini, akapika keki tatu. Watu wakaja, akiwemo Martina, maana jumuiya ni ya wote. Akakaa karibu na mlango. Tukasali, tukaimba, chai ikaja, na mimi nikashika kisu nikate mwenyewe. Kipande cha Martina nilikikata pembeni, chembamba kiasi kwamba ungeweza kusomea Injili kupitia kwacho. Akashukuru, akala bila neno.

Watu wakanyamaza kwa utamu. Naishiye alichukua cha pili, akachukua cha tatu. Deogratias akauliza keki hii imenunuliwa wapi. Hapo ningejibu tu, imepikwa na mjukuu wangu, nikakaa. Lakini mimi nikasimama. Tena na keki mdomoni.

Nikatoa ushuhuda. Nikawaambia wanitazame, presha ilinipanda na sasa imetulia, na dawa yake wala si ya dukani. Nikasema, "Tangu niache boga la watu fulani, damu yangu imesafika."

Martina akapaliwa na chai. Nikafikiri ni dhamiri inamsumbua.

Mama Boay akasema presha hata yeye anayo, kwa hiyo afundishwe keki hii ambayo mgonjwa anakula na anapona. Yasinta alikuwa amesimama na birika. Akasema vipimo amevisahau. Nikamshangaa, mtoto anayepika kila Alhamisi asahau vipimo? Nikaona ni uchoyo, na uchoyo kwenye nyumba yangu sijaufuga.

"Yasinta, waeleze kila kitu," nikamwambia. "Usifiche hata kimoja. Msalaba ule pale unakutazama."

"Bibi, tutaongea baadaye."

"Sasa hivi."

Mzee Tluway, kwa wema wake, akafungua daftari la jumuiya ili awaandikie akina mama. Yasinta akaanza kutaja. Unga. Mayai. Kakao. Sukari, lakini kidogo tu. Mama Boay akauliza mafuta ni kiasi gani. Yasinta akasema mafuta haweki.

"Sasa inalainishwa na nini?"

Yasinta akaweka birika mezani. Nikamwambia amjibu Mama Boay, watu wanasubiri, kalamu ya mzee Tluway inakauka.

"Boga," akasema. "Nalichemsha, nalisaga, nalichuja. Kwenye keki hii boga ni jingi kuliko unga."

Mimi nikacheka. Nilicheka kweli. Nilijua amenichezea kwa sababu ya yule nesi, kunilisha mboga kwa mlango wa nyuma, na nikaona mtoto ana akili. Boga ni boga tu, Karatu imejaa maboga. Nikauliza, kwa raha zangu kabisa, "La sokoni?"

(Jamani, kuna maswali mtu angeyameza pamoja na keki.)

Yasinta akamtazama Martina. Martina akatazama juu, kwenye mabati. Na mimi nikatazama mabati, nikidhani jibu liko huko.

"Mama Safari," akasema Martina taratibu, "ni langu. Lile lile la kwenye ua."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu keki ya kwanza.

Naishiye aliweka kipande chake chini. "Kwetu boga ni chakula cha mtu aliyekosa ng'ombe," akasema. Akakitazama. Akakichukua tena.

Nikamgeukia Yasinta, nikamuuliza kwa nini, katika maboga yote ya wilaya hii, amechagua lile. Akasema ya sokoni yana maji, keki inakuwa uji. La Martina ni kavu na lina utamu wake, sukari inapungua. (Ni kweli. Nimewaambia lilikuwa tamu.)

Martina ndiye aliyenimaliza. Alieleza bila kejeli hata kidogo. Alisema Yasinta alimwendea jioni ile ile niliyotoka zahanati, analia, kwamba nesi amenihofia na mimi sitaki kusikia mboga. "Nikamwambia chukua kila wiki," akasema, "ila bibi yako asijue. Akijua atalitema, na mimi sitaki jirani wa kuzika."

Kumbe miezi mitatu adui yangu ananilisha. Na mimi kisimani natangaza nimepona kwa kumwacha! Nikamuuliza kama maneno yangu yalimfikia. Akasema hayakuhitaji kumfikia, siku ile alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na ndoo yake. "Nilicheka mpaka nikamwaga maji, nikarudi nyuma ya foleni. Nikasema moyoni, mradi presha ishuke."

Nilitaka kusema kitu. Kinywa kilijaa keki, na keki ilijaa boga, na boga lilikuwa la Martina. Nikameza.

Mzee Tluway akakohoa. Akalirudisha daftari nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akavaa miwani. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini tarehe ya ukurasa ule niliitambua. Kumbe kiapo changu alikiandika, na mwezi na siku. Akakisoma kwa ile sauti anayosomea Waraka. Halafu akauliza kama jumuiya inaona nisamehewe, ainue mkono anayekubali. Deogratias akainua. Fabiola akainua. Martina akainua. Mama Boay alikuwa anakunywa chai.

Nikasema shusheni mikono. Kiapo changu, kichwa changu.

Tukaenda shambani kwa Martina, jumuiya nzima nyuma yetu. Martina akachuma boga moja dogo kama birika, akanipa. Akasema nichukue hilo, shingo yangu si ya juzi. Nikamwambia asinidharau, mimi silipi kiapo kwa boga la mtoto. Nilitaka lile kubwa kuliko yote.

Tukalitafuta lile kubwa kuliko yote. Lilikuwa limepenya ua. Limekaa kwenye mbaazi zangu, limetulia kama liko kwao.

Mimi na Martina tukalitazama. Hakuna aliyesema la nani. Yeye akakata kikonyo akiwa upande wake, mimi nikazunguka nikaliinua upande wangu.

Kutoka kwetu mpaka kanisani lazima uvuke barabara ya lami iendayo getini Ngorongoro. Na saa ile ndiyo magari ya wageni yanapita. Mimi mbele na boga kichwani, akina mama nyuma, vigelegele, Inosenti anakimbia pembeni akiwaelezea wasioelewa. Gari moja likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Dereva nikamtambua, Emanueli, mtoto wa Gwandu, nilimpokea mimi alipozaliwa. Akaniamkia shikamoo bibi, kwa adabu. Wageni wake wakachomoza juu ya paa la gari mpaka viunoni, simu mikononi. Mama mmoja wa kizungu akakunja mikono kama anasali. Kujifunika uso sikuweza, mikono yote miwili ilikuwa kwenye boga.

Nikamuuliza Emanueli amewaambia nini.

"Baraka ya mavuno, bibi. Nimewaambia huwa inafanywa na bibi mwenye heshima kuliko wote kijijini."

Mama Boay akasikia. Alicheka mpaka akakaa chini, palepale kando ya lami, na kitenge chake kipya.

Kwenye kilima cha kanisa shingo ilianza kugoma. Sikusema. Nikaona boga limekuwa jepesi kidogo. Nilipogeuza macho, mkono wa Martina ulikuwa chini yake. Tukaliweka mbele ya altare, na kesho litapelekwa na sadaka nyingine, la wote wawili, katekista ameshaelezwa.

Tumerudi, tumemaliza chai. Nimemkatia Martina kipande kingine, cha katikati. Amekigeuza geuza mkononi akasema, "Leo kimenenepa." Nikamwambia ale. Kabla hajatoka ameniomba chumvi, na mimi najua kabisa chumvi anayo.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kuapa, apia jiwe. Boga linasagika.

Na wewe unayecheka hapo na simu yako, endelea tu. Ila kumbuka mimi majina siyasahau, lako na la mama yako.