Macho ya Msemaji wa Mahari

Jumatatu, 1 Julai

Kikao cha familia hapa kwangu Nguba. Mjukuu wangu Chris atatoa mahari Jumamosi ya tarehe 13, kwao mchumba wake Mireille, huko Kadutu. Habari njema. Habari mbaya: mdogo wangu Raphaël amesimama mbele ya wote na kuuliza kama kaka yake bado anafaa kuwa msemaji wa familia. Eti juzi alinikuta nikiusalimia mti wa parachichi. Uongo! Nilikuwa nimeuegemea.

Mimi ni msemaji wetu tangu nilipokuwa bado kazini posta. Vijana wote wa ukoo huu wameoa kwa mdomo wangu. Tangu nistaafu, na tangu mke wangu Emérence afariki, hakuna anayenyamaza ninapoongea. Watoto wanatazama simu. Lakini siku ya mahari nikisimama, watu wote kimya, hata wapishi. Siwezi kumwachia Raphaël jambo hilo. Yeye alipasuliwa macho mwaka jana, na sasa anasoma kila bango la barabarani kwa sauti.

Binti yangu Gisèle ameamua: Papa apimwe macho kwanza. Nimekubali kwa tabasamu. Nina mpango.

Jumatano, 3 Julai

Kliniki ya macho. Mpango wenyewe: kukaa karibu na mlango, kusikiliza wagonjwa wanaonitangulia wakisoma herufi za ukutani, kuzikariri. Nilizishika kama Baba Yetu. Zamu yangu ikafika. Nikasimama wima, nikazitaja zote bila kukwama, mpaka mstari wa chini kabisa.

Daktari akaniambia kwa upole kwamba bado hajawasha taa ya ubao.

Ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Daktari anasema operesheni ni fupi, na kwamba wazee kunizidi wanafanyiwa na kurudi kwao wakitembea. Amenipa Jumamosi tarehe 20. Nimesema nitafikiri. Ukweli ni kwamba naogopa. Mtu akuingizie chuma jichoni nawe unamsikia anavyopumua!

Nilimwambia Gisèle kwamba daktari amesifu kumbukumbu yangu. Akaingia kumuuliza mwenyewe. Hana imani huyu mtoto. Njiani tukapatana: nitakuwa msemaji mara hii ya mwisho, hatamwambia mtu ila Raphaël, naye akae ubavuni mwangu na kunifinya bibi harusi akitokea. Na tarehe 20 niende kupasuliwa. Nimekubali yote mawili. Kukubali hakuchoshi.

Jumanne, 9 Julai

Ugumu uko mahali pamoja. Wakwe hawamtoi bibi harusi moja kwa moja. Kwanza wanatuletea mabinti wengine, mmoja mmoja, wamepambwa, ili kutujaribu. Kila mmoja namkataa kwa maneno matamu: mzuri sana, lakini siye ua tulilofuata. Akitoka wa kweli ninamkubali, vigelegele vinapigwa, tunaingia kwenye mambo ya ng'ombe.

Sasa, kufinywa na Raphaël mbele ya wakwe? Kama mtoto kanisani? Hapana.

Nimekwenda sokoni Kadutu kwa Maman Virginie, muuza vitenge. Nikajifanya natafuta zawadi. Nikazunguka, nikazunguka, mpaka akasema mwenyewe: ile nyumba ya kina Mireille imenunua vitenge vya njano, vipya kabisa, vimeshapelekwa kwa fundi.

Njano! Sura sizioni, lakini rangi bado naziona. Posta ingekuwa na watu kama mimi leo, isingekufa.

Ijumaa, 12 Julai

Raphaël ameshughulikiwa. Nimemwambia kwamba baba mkwe ameomba akae karibu naye, kwa heshima. Amefurahi mno, akaenda kupiga pasi suti yake. Upande mwingine wa hema! Vidole vyake havitanifikia.

Gisèle ananiangalia vibaya. Angalau naamini ni mimi anayeniangalia.

Jumamosi, 13 Julai

Mungu wangu.

Ilianza vizuri. Binti wa kwanza, buluu. Nikamkataa. Makofi. Wa pili, kijani. Nikamkataa kwa maneno matamu zaidi, hadi mama mmoja wa upande wao akasema nirudie. Nilikuwa naelea.

Kisha njano. Anatembea polepole, amejaa heshima. Nikasimama kabla hajafika katikati. Nikasema huyu ndiye. Nikausifu mwendo wake, nikaisifu shingo yake, nikausifu ujana wake ambao haujaguswa na jua. Nikasema kijana wetu halali kwa ajili yake. Hema lote likanyamaza. Kimya kile ninachokipenda! Nikaendelea. Nikaomba iletwe fimbo tunayokabidhi kwa niaba ya ng'ombe wa mahari.

Yule wa njano akangoja nimalize. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu mzima:

"Papa, mimi njo shangazi ya Mireille. Nilikuja tu kuwaambia bibi harusi iko njiani, anatoka Minova, gari imekwama. Na bwana yangu njo ule iko anakuangalia."

Maman Séraphine. Ana wajukuu. Shangazi hutoka kila mara kusema bibi harusi amekwama mahali, na msemaji humbembeleza kwa nauli kidogo, watu wanacheka. Naijua desturi hiyo! Nimembembeleza shangazi katika kila mahari ya ukoo huu. Na mashangazi hushona sare. Njano ilikuwa sare yao. Katika mji huu hakuna anayemvalisha bibi harusi kitenge kimoja na shangazi zake. Hata mimi najua. Nilijua. Siku ile sokoni nilisahau kwa furaha.

Hema likapasuka kwa kicheko. Mume wa Maman Séraphine hakucheka. Wametutoza mbuzi.

Raphaël akainuka pale kwa baba mkwe, akasema maneno machache, Mireille akatoka. Alimtambua tangu mlangoni. Mimi nikakaa chini. Wali ulipokuja nilihudumiwa kwanza, kama mgonjwa. Nilitamani kulia.

Jumapili, 14 Julai

Chris amekuja baada ya misa. Nilijiandaa kwa hasira zake. Nilikuwa na majibu: mwanga wa hema, moshi wa jikoni, vitenge vya siku hizi. Hakunipa nafasi.

"Koko," akasema, "sikukasirika juu ya mbuzi. Nilitaka tu umuone Mireille."

Koko ndivyo wajukuu wanavyoniita. Nimekuwa nikimwona Mireille kama kivuli chenye sauti nzuri, sijawahi kumwambia mtu. Nimelia mbele ya mjukuu wangu, naye akanishika bega.

Nimempigia Gisèle simu mwenyewe. Jumamosi tarehe 20, saa ya daktari, nitakuwa pale, mkono wake mkononi mwangu. Usemaji amepewa Raphaël. Sawa. Imekwisha. Nina amani.

Alhamisi, 18 Julai

Mgeni. Honoré, ndugu yetu wa mbali, amefika kwa pikipiki kutoka Kamituga, mwekundu kwa vumbi kichwa hadi miguu. Mwanawe anatoa mahari huku Panzi, na msemaji wao ameshikwa na malaria. Akaniambia kwamba hata kule migodini jina langu linajulikana. Habari za Jumamosi hazijamfikia. Sikuona sababu ya kumchosha nazo, ametoka mbali.

Nikamwonjesha mwanzo wa hotuba. Akanyamaza. Akaweka hata chai chini.

Mahari ni Jumamosi, tarehe 20.

Nimemwambia Gisèle kwamba kliniki imeahirisha. Daktari hatakimbia, na macho haya yamenivumilia muda mrefu. Mireille naye bado ni kijana, nitamwona tu.

Nimetafakari sana kosa langu. Safari hii hakuna habari ya rangi, hakuna Maman Virginie. Kilichoniponza ni kukubali. Basi Jumamosi nitakaa pale mbele, nimetulia, nami nitamkataa kila mwanamke atakayetoka mlangoni.