Ovaroli ya Driller

Kwenye benchi la kibanda cha chai cha Nafuna, mtaani Landless, kuna sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa: jina unapewa, hujipi, na ukishapewa huliachi. Odongo aliitwa Redio siku ya kwanza alipofungua mdomo, na mpaka leo hajaufunga. Kahiga wa bodaboda aliitwa Bypass kwa sababu hana habari anayoweza kuieleza bila kuizungusha hadi Kamakis kwanza. Naye Kiilu alifika siku moja amevaa ovaroli ya rangi ya chungwa iliyoandikwa DRILLER kifuani na TARNHOLM OCEANIC mgongoni, wakamwita Driller, yaani mchimbaji. Hawakumuuliza kitu. Walimsoma tu kama unavyosoma bei ya sukari, na Kiilu akaagiza chai akanyamaza. Miaka tisa sasa jina linamkaa vizuri kuliko hata ovaroli yenyewe, ambayo mikono yake inaishia karibu na viwiko.

Asubuhi hiyo Kiilu hakuwa na raha. Nyuma ya kanisa, ndani ya uzio wa mabati, mashine ya kuchimba kisima ilikuwa ikinguruma siku ya nne. Kisima kilikuwa cha chama cha akina mama, Nafuna mwenyekiti, na walikuwa wamekichangia miaka miwili mizima kwa kuchoka na maji ya mkokoteni. Makubaliano yalisema wachimbaji wafike mita mia moja na ishirini, kisha mtaalamu wa mtaa atie saini ndipo waondoke na mashine yao. Mtaalamu wa mtaa, bila hata kupigiwa kura, alikuwa Driller. Fomu ingeletwa saa nne. Saa tatu unusu, Redio akatoa simu mfukoni.

"Driller, kampuni yako imekufa tena."

"Kampuni gani?"

"Kwani uko na ngapi? Si Tarnholm Oceanic, hiyo umebeba kwa mgongo. Wameandika historia yake yote hapa, kama ya marehemu."

"Hizo ni za mitandao," Kiilu alisema. "Tusomee za siasa."

"Siasa itangoja," Nafuna akasema, akigeuza mandazi kwenye mafuta. "Soma, Redio. Nataka kujua mtu ananiwekea saini ametoka kwa watu gani."

Redio akakohoa, vile hukohoa akitaka kusikizwa hadi ng'ambo ya barabara. "Ilianzishwa na mashemeji wawili, mwaka wa hamsini na sita. Walikuwa na tishari moja kuukuu, wakaliegesha kwenye kinamasi, wakatoboa. Hawakupata kitu."

"Mashemeji!" Bypass alidakia. "Hapo ndio walikosea. Mimi na shemeji yangu wa Ngoingwa tulifungua kinyozi, sasa huyo shemeji alikuwa na ng'ombe..."

"Bypass, rudi kwa barabara. Mara ya tatu wakapata mafuta, wakajenga rigi ya kuelea, wakaingia bahari kuu."

"Hiyo ligi inaelea aje?" Bypass aliuliza.

"Rigi. Si ligi. Huko hakuna mtu anacheza mpira."

"Si ndio nimesema. Ligi."

"Muulize mwenyewe. Driller, inaelea aje?"

Kiilu alikitazama kikombe chake. "Ni kama ploti ya chuma iko juu ya maji. Watu mia, vitanda, jikoni, kila kitu."

"Na wewe ulikuwa wapi?" Nafuna aliuliza.

"Ndani," Kiilu alisema, na angalau hapo hakusema uongo.

Redio aliendelea. Rigi ya kwanza ililala upande kwenye dhoruba, wakuu wakasema bahari ndiyo mbaya, wakaongeza Oceanic kwenye jina. Baadaye mafuta yakashuka bei, kampuni ikafilisika, wafanyakazi wakatumwa nyumbani kwa barua ya mistari mitatu, nao wakuu wakajipa zawadi kwa kukubali kubaki. Ikaitwa Crest. Ikafilisika tena. Wiki hii imemezwa na nyingine, na sasa inaitwa Crestiva.

"Crestiva ni dawa ya minyoo," Nafuna alisema. "Hao ni kama ile hoteli ya nyama pale Kamakis. Kila mwaka ubao mpya, 'Under New Management', ati wasimamizi wapya. Unaingia unakuta ni yule yule mpishi, na mbuzi ni yule yule wa mwaka jana."

"Na mwenye kufilisi kampuni anaitwa mtaalamu," Redio akasema. "Mimi nikiangusha trei moja ya mandazi hapa naitwa mjinga."

"Kwa sababu wewe ni mjinga," Nafuna alimjibu kwa upole. "Endelea."

"Haya, Kenya sasa. 'Mwaka wa 2014 rigi ya Tarnholm Oceanic ilikaa pwani ya Kenya siku sitini na moja, ikachimba kisima kimoja, kikawa kikavu.'" Redio aliinua macho. "Siku sitini na moja? Driller, si ulituambia ulikaa huko miaka miwili?"

"Niliwaambia ilikuwa kama miaka miwili."

Bypass alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Nafuna hakucheka. Alifuta mikono kwenye aproni na kumtazama Kiilu vile mama hutazama sarafu anayoshuku. Kiilu aliona aibu ikimpanda shingoni, na hapo hapo akatokea Gerishon, msimamizi wa uchimbaji, ana fomu mkononi na tabasamu usoni.

"Habari za asubuhi, wazee. Mama, hongera. Mita mia moja na ishirini kamili, maji yako karibu kabisa. Driller, kaka yangu, weka jina hapa twende zetu."

Kalamu ikaingia mkononi mwa Kiilu. Saini moja tu, na angebaki Driller mpaka kaburini. Lakini macho yake, kwa mazoea ya zamani asiyoweza kuyaacha, yalikuwa yameshuka kwenye mguu wa ovaroli ya buluu ya Gerishon. Mstari wa pasi ulishuka kutoka pajani hadi kwenye kiatu, umenyooka, mkali, unaweza kukata mkate.

"Gerishon, hii ovaroli umeivaa tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Ndio hii hii. Hii ni kazi, kaka, hatuna saa ya kubadilisha."

Kiilu aliiweka kalamu juu ya benchi. "Basi mimi siweki saini. Mimi si driller."

Mandazi yaliendelea kulia kwenye karai peke yake.

"Ati?" Redio alisema.

"Nilikuwa dobi. Nilikuwa nafua nguo za hao madriller. Hii ni ya mzungu mmoja, niliikausha na moto mwingi ikajikunja, akaikataa, nikapewa mimi. Sikuwadanganya. Nyinyi ndio mlinisoma." Kisha, kwa sauti ndogo: "Lakini ningewaambia. Nafuna, nisamehe. Jina lilikuwa tamu."

"Mambo ya familia mtamaliza baadaye," Gerishon alisema. "Mama, weka saini wewe mwenyewe."

"Ngoja," Kiilu alisema, na sasa alikuwa amesimama. "Siku sitini na moja nimefua. Mtu akichimba, tope halikai juu. Linaingia mpaka kwa mshono, unasugua mpaka kucha zinauma. Wiki tatu za mwisho nguo zilikuja safi, zinanuka sigara tu. Na pale kwa ngazi kulikuwa na ubao: leo tumechimba mita arobaini, leo mita hamsini. Nikanyamaza, kwani nani anamuuliza dobi? Sasa angalieni huyu. Mita mia moja na ishirini, na pasi haijavunjika."

Watu wote wanne waliinamisha vichwa wakautazama mguu wa Gerishon. Gerishon naye akautazama, kama ni wa mtu mwingine.

"Hii... hii ni ya akiba."

"'Ndio hii hii,'" Redio akarudia, neno kwa neno. "'Hatuna saa ya kubadilisha.'"

"Mashine si mnaisikia ikifanya kazi?"

"Debe tupu haliachi kuvuma," Nafuna alisema. Alizima jiko, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla ya saa sita. "Bypass, fungua hiyo kamba yangu ya kuanika nguo. Ni mita thelathini. Funga jiwe."

Waliandamana hadi nyuma ya kanisa, Gerishon katikati yao. Kiilu ndiye aliyeteremsha kamba. Jiwe lilitua chini na zaidi ya nusu ya kamba ilikuwa bado mikononi mwake, na Bypass, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasema jambo moja kwa moja: "Hawa ni wezi."

Gerishon na mashine waliondoka mchana huo. Nafuna akampigia mwenye kampuni simu ambayo Landless nzima iliisikia bila kuhitaji spika.

Jumatatu iliyofuata lori likarudi. Mashine ile ile, Gerishon yule yule, lakini mlangoni palikuwa na jina jipya la kampuni, rangi yake bado mbichi.

"Crestiva nyingine," Redio alisema.

"Dawa ya minyoo," Nafuna akasema. "Mama Fua, enda ukaangalie."

Hilo ndilo jina jipya la Kiilu, lile la akina mama wanaofulia watu nguo. Benchi lilikaa kikao, likaamua kuwa lilikosea kusoma, na kosa la benchi husahihishwa na benchi. Kiilu alikwenda na jina hilo hadi kwenye mabati, akamwita Gerishon karibu. Ilikuwa saa nane, na Gerishon alikuwa na tope mpaka magotini, jasho linamtiririka.

"Umeona sasa?" Gerishon alisema. "Umeridhika? Weka saini."

Kiilu aliinama, akageuza upindo wa mguu wa ovaroli ndani nje, akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu.

"Bado," alisema. "Tope halijafika kwa mshono."