Arifa kutoka Duka la Magodoro

Jumatatu, 9 Machi

Siku njema. Mawingu meupe, yanakwenda taratibu kama hayana mwajiri. Nimeyatazama dirishani hadi Shangazi alipougonga mlango. Duka la magodoro ni lake, mimi ni mtaalamu wake wa kompyuta, na utaalamu wangu mkubwa ni kwamba marehemu baba yangu alikuwa kaka yake. Anataka programu yetu ya simu ianze kutuma arifa, vile vijiujumbe vinavyochomoza kwenye kioo cha simu hata kama mtu hakuviita. Kila usiku saa tatu wateja wakumbushwe kulala. Kasema ianze Jumatano, na nisimletee hadithi.

Nimekubali upesi. Nina sababu zangu.

Chini, nyuma ya rundo la magodoro ya futi sita, anakaa Fundi, anayetushonea foronya. Ana sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Ijumaa anaondoka, anakwenda kufungua duka lake mji mwingine. Mwaka mzima nimekuwa nikishuka ngazi kwenda kumwambia ninampenda, na kila nikifika chini naishia kuazima sindano. Nina sindano nyingi mno.

Sasa nimepata mbinu. Arifa itasema badala yangu! Itakwenda kwenye simu yake peke yake. Mdomo hutetemeka, seva haitetemeki.

Dereva wa duka kampelekea chai tena. Huku anapiga mluzi! Mtu kujishaua gani huko.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwomba Fundi simu yake, eti ya majaribio. Kanipa bila swali. Kwanza simu huulizwa kama inakubali arifa, kisha hutoa anwani yake, herufi na tarakimu zisizotamkika. Nimebonyeza "Ruhusu" kwa mkono wangu. Anwani yake nimeiweka kwenye kundi la majaribio, chini ya anwani ya simu yangu. Kundi la wawili tu. Nimelitazama hilo kundi mpaka chai ikapoa. Tumependeza.

Nimejaribu kwanza kwenye simu yangu. Nikatuma "Habari." Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Nimeikodolea programu macho hadi yakatoa machozi. Basi nikatuma ya mwisho, nikaifunga programu, nikajilaza kwenye godoro la maonyesho. Ting! Hiyo! Kumbe ndivyo ilivyo: programu ikiwa wazi mbele yako, arifa haichomozi. Mpaka uifunge, uigeuzie mgongo.

Lo! Hili ni somo la maisha. Ukikitaka kitu, usikiangalie. Mchana wote nimeshinda simtazami Fundi. Kaniuliza kama shingo inaniuma.

Jumatano, 11 Machi

Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo.

Shangazi alitaka arifa iseme "Godoro jipya, bei poa." Sawa, ya wateja nitaiandika baadaye. Nimeanza na ya Fundi: "Macho yamekuwa mazito? Yafumbe, mpenzi. Niko hapa." Nimeisoma mwenyewe nikasisimka. Kwenye muda nimeandika 3, maana ni saa tatu. Nikachagua kundi, nikabonyeza. Ilibidi nibonyeze haraka, usingizi wa mchana ulikuwa umeshafika na godoro lilikuwa karibu.

Nimeota tunaishi juu ya wingu. Yeye anashona pindo lake lisifumuke, mimi namshikia uzi.

Jumatano ya ajabu hii. Nimewahi kulala, nisije nikaingojea arifa nikaitia nuksi.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa! Jamani, balaa!

Nimeamka nikakuta Shangazi kanipigia mpaka betri imekata roho. Kwenye orodha ya makundi, neno "Wote" limekaa juu ya neno "Majaribio", nami kwa usingizi ule nikabonyeza la juu. Arifa imekwenda kwa kila mtu aliyewahi kununua godoro kwetu! Tena haikwenda saa tatu. Imekwenda saa tisa usiku, watu wako katikati ya ndoto, ikawaamsha ili kuwaambia wafumbe macho.

Shangazi kafoka hadi mtandio ukamdondoka. Kasema mashine huanza siku yake usiku wa manane, kwa hiyo 3 yake ni saa tisa yetu, na saa tatu usiku huandikwa 21, kila mtoto mwenye simu analijua hilo. Nimemjibu kwa adabu kwamba sisi tumehesabu saa hivi tangu enzi za mababu, basi mgeni ndiye afuate desturi za mwenyeji. Kasema angekuwa si damu yake angenifunga kwenye nailoni na kuniuza kwa punguzo.

Mama mmoja kaja na simu ya mumewe, anataka kuonyeshwa huyo mpenzi aliyeko "hapa". Mume yuko nyuma yake, anasoma bei za magodoro. Bibi mmoja mjane naye kapiga simu kushukuru. Hajaambiwa maneno kama hayo tangu mzee wake aondoke. Kauliza kama zitakuja na leo. Nimejisikia vizuri, kisha vibaya.

Halafu Fundi kapanda ngazi. Hajawahi! Kauliza kama ile arifa ilikuwa yake. Nikasema ilikuwa jaribio. Mjinga mimi! Kageuka aondoke. Nikasema ndiyo, ilikuwa yako. Kacheka, si kwa ubaya. Kasema maneno mazuri yanataka mdomo. Kesho saa kumi jioni Dereva atakuwa anapakia cherehani yake garini. Nishuke nimwambie ana kwa ana, na akiridhika, huenda akamwambia Dereva aishushe.

Aishushe! Moyo wangu haujatulia tangu hapo.

Nimejiwekea arifa nisije nikapitiwa. Saa kumi, nimeandika 10. Kabla ya hapo nimeingia kwenye mipangilio ya seva nikaifundisha saa zetu. Nadhani imeelewa.

Ijumaa, 13 Machi

Arifa imelia asubuhi, saa nne. Nimecheka. Kiherehere cha mashine, inataka harusi kuliko bwana harusi! Nimeifuta. Kazi zilipokwisha nikajilaza kusubiri ile yenyewe, bila kuiangalia, kama nilivyojifunza. Jua limeingia dirishani, vumbi linaelea ndani yake, nami nikaelea nalo. Nimeota nashuka ngazi. Nimefika chini, nimesema yote. Sijapata kusema vizuri vile maishani mwangu.

Kuamka, giza linaingia. Nimeshuka mbio, kiatu kimoja. Nyuma ya magodoro pamebaki alama ya mraba sakafuni, pasafi kuliko kwingine, pale ilipokuwa cherehani. Mlinzi wa duka kasema Fundi alikaa juu ya begi lake akiangalia ngazi. Dereva alipiga honi, hakuinuka. Alipopiga tena, akainuka. Kaacha foronya moja, kasema ni ya yule anayelala.

Nimelia, sifichi. Kisha nimeivalisha mto. Ni laini mno.

Lakini hajapotea! Anwani ya simu yake bado ninayo. Nimeandika: "Samahani. Nakupenda. Nakuja." Safari hii nimekuwa makini. "Wote" sikuligusa. Kwenye majaribio nimeondoa hata simu yangu, kabaki yeye tu. Wala sitaki kumsumbua usiku huu, amechoka na safari. Aipate kesho asubuhi saa mbili, ametulia, kikombe cha chai mkononi.

Nimeandika 2.