Mfilipino Aliyeandika Habari Zangu

Garland, Texas

Ndugu Mhariri, Bi. Rukaya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaotuandalia jarida la jumuiya yetu ya Afrika Mashariki hapa Dallas. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kulalamika, hata mlipokosea jina langu kwenye tangazo la harusi yangu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Toleo lililopita mlitoa makala ndefu kuhusu waandishi wa Ufilipino na maana ya fasihi. Mlisema fasihi humwezesha mtu kumjua jirani yake. Mke wangu, Prudensia, ni muuguzi, na wengi wa wenzake wodini ni Wafilipino. Alisoma makala yenu, akamwuliza mwenzake Ligaya, akaazimwa kitabu cha hadithi fupi. Hapo ndipo amani ilipoondoka nyumbani kwetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Prudensia alinisimulia hadithi moja tukiwa mezani. Mama mmoja wa kisiwani ana mtoto wa kiume anayefanya kazi ughaibuni. Kila Krismasi mtoto hutuma boksi kubwa: sabuni, nyama za kopo, mablanketi. Kupiga simu hapigi. Mama hayafungui maboksi, anayapanga sebuleni, anayafanya viti, na wageni wakija anawaambia, "Karibuni, kaeni hapo kwa mwanangu." Prudensia alipofika hapo aliniangalia, kisha akaniongezea mboga. Ndugu Mhariri, mimi nina mama Tarime, na ninatuma maboksi. Naomba kuelezwa mwandishi huyu, ambaye sijawahi kumwona, alipata wapi habari zangu.

2. Jumamosi niliendesha gari hadi Fort Worth nyumbani kwa Ligaya, ambako wasomaji wa kitabu hicho hukutana, ili niwasilishe pingamizi rasmi. Nikapewa tambi za kukaanga, na kila nikimaliza naongezwa. Ni vigumu kupinga jambo ukiwa na chakula mdomoni. Halafu wakaniomba nisome ukurasa wa mwisho kwa sauti. Sauti ikanikatika. Nilisema ni pilipili. Ligaya akasema, kwa upole, kwamba chakula kile hakina pilipili.

3. Hili ndilo limeniuma zaidi. Alikuwepo Nestor, Mrundi anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo. Akafuta macho, akasema, "Kaka, huyu mtoto ni mimi kabisa." Nilimjibu kwa heshima kwamba amekosea, mtoto huyo ni mimi. Akasema mama yake yuko Ruyigi, na yeye alianza kutuma maboksi kabla yangu. Ligaya naye akadai ni kaka yake, baharia. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Naomba jumuiya iunde kamati itakayotamka rasmi kwamba hadithi ni yangu, na Nestor atafutiwe nyingine.

4. Nilitoka nje nimekasirika, nikaingia kwenye gari, nikampigia mama ili nipate ushahidi kwamba kwake hakuna viti vya maboksi. Nilimwuliza kama boksi la mwisho lilifika. Akasema, "Lilifika. Nimeweka redio juu yake." Kisha akauliza, "Na wewe, Mwita, umekula?" Sikuwa na jibu fupi. Nikamweleza habari za tambi, kazi, goti langu linaloniuma, na ugomvi na Nestor, mpaka akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Sasa ananisubiri kila Jumamosi, na mechi za mpira sizioni tena.

Kwa hiyo naomba jarida lisiwatangaze tena waandishi wa Ufilipino mpaka watakapojifunza kuandika habari za Wafilipino. Fasihi ikiendelea kuingia majumbani kiholela namna hii, hakuna mtu Texas atakayekula kwa amani.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wasomaji wenzangu kuanzia Garland hadi Gulfton, kule Houston. Prudensia anawasalimu pia, ingawa hajui ninaandika nini.

Wenu mwenye manung'uniko na heshima,
Mwita

Tanbihi: Nimeambatanisha tafsiri yangu ya hadithi ya pili ya kitabu hicho, niliyoifanya ili nimsomee mama kwenye simu. Mwandishi akiridhia, naomba muichape ukurasa wa kwanza. Inamhusu mhariri mmoja mwanamke ambaye hajamtembelea dada yake muda mrefu, ingawa wanaishi jimbo moja. Sijui alikujuaje. Dada yako wa Houston hajambo?