Kwa Aliyemo Chumba Namba Nne

Kwa fahari isiyo kifani, idara nzima ilitangaziwa kwamba barua pepe zote zinahamia mfumo mpya wa anuani. Majina ya watu yamefutwa. Kuanzia sasa barua inaandikiwa chumba, na aliyemo chumbani ndiye mwenye barua.

“Watu huja na kuondoka,” Mkurugenzi alifafanua, akijipapasa tai. “Chumba hakistaafu.”

Fundi wa mitandao akajikuna kichwa. “Na mtu akihama chumba, bosi?”

“Ahame yeye. Anuani na kompyuta vinabaki. Huo ndio uthabiti wa kitaasisi.”

Makofi yakapigwa, hata na waliokuwa wamesinzia.

Wiki haijaisha, Mkurugenzi akakimezea mate chumba cha pembeni, chenye zulia na kiyoyozi. Akahamia. Chumba chake cha zamani, namba nne, kikawa stoo ya Mama Usafi, na mafagio yakaegemezwa kwenye kompyuta.

Tatizo ni kwamba mkataba wa Mkurugenzi ulikuwa ukingoni. Wizara iliahidi kumwandikia: akijibu, anaongezewa muda, akinyamaza, aage watu. Kila asubuhi alifungua kompyuta yake mpya. Patupu. Wasiwasi ulimzidi hadi akaanza kuwasalimia walinzi.

Siku moja akakutana na Mama Usafi koridoni, ndoo mkononi.

“Mwanangu, kumbe wizarani kuna watu waungwana! Wameniuliza kama bado naitaka kazi.”

Mkurugenzi akaitazama ndoo. “Wamekuuliza… wewe?”

“Wameandika, ‘Kwa aliyemo chumba namba nne.’ Si ndiye mimi? Nikawajibu naitaka sana, ila watuongezee sabuni.”

Mkurugenzi akatoka mbio hadi kwa fundi, tai imeruka begani. “Irudishe! Barua ile ni yangu!”

“Bosi, aliyemo chumbani ndiye mwenye barua. Si ulisaini mwenyewe?”

Fundi akamgeuzia skrini. Jibu la wizara lilikuwa limeshafika vyumba vyote: mkuu wa idara, aliyemo chumba namba nne, ameongezewa muda. Sabuni imeidhinishwa. Mwenye malalamiko amwone yeye.

Mkurugenzi akainyoosha tai, akajikongoja hadi kwenye mlango uliokuwa wake, akagonga kwa adabu.

“Hodi?”

“Karibu, mwanangu,” sauti ikajibu katikati ya mafagio. “Ila vua viatu kwanza. Nimetoka kupiga deki.”