Nani Anampa Upepo Vidonge?

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa mifugo kapima damu ya Upepo, mbwa wetu wa mbio. Eti tezi ya shingo imezembea, ndiyo maana analala kutwa na mapaja yamenyonyoka. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, maisha yake yote. Shemeji, kaka wa mke wangu, kajitolea kuja kumpa, kwa kuwa naye anafuga mbwa wa aina hii. Kujitolea! Mtu ambaye hajawahi kuniazima hata ngazi! Mke wangu kasema Upepo asipopata nafuu hapa, atahamia kwa kaka yake. Basi nimeshaelewa. Shemeji anamtaka mbwa wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechungulia dirishani. Shemeji anamtia kidonge kinywani, anamsugua koo, Upepo anameza. Safi mno. Ni chaki, naapa! Nimekiramba kimoja. Kichungu kidogo. Chaki ya kisasa. Nimekwenda duka la dawa za mifugo nikanunua vyangu. Sasa Upepo anapata dawa halisi kutoka kwangu, ndani ya kipande cha maini, nyuma ya choo. Siri yetu wawili.

Ijumaa, 14 Machi
Dawa yangu inafanya kazi! Upepo halali, anazunguka uani, anahema, anamaliza ndoo ya maji. Kararua kochi. Nilishangilia mpaka mke wangu akauliza kama niko sawa.

Jumamosi, 15 Machi
Mambo yameharibika. Moyo wa Upepo unadunda kama cherehani. Daktari kasema dawa imezidi, tungechelewa kidogo tungemkosa. Kauliza nani mwingine anampa. Nikatazama dari. Upepo, msaliti, akaja kunusa mfuko wa shati langu. Maini. Mke wangu hakupaza sauti, afadhali angepaza. Upepo kaondoka na shemeji. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumapili, 11 Mei
Nimeruhusiwa kumtembelea, baada ya mke wangu kunipekua mifuko. Mbwa aliyetoka ana manyoya mapajani, macho yanang'aa, katulia. Shemeji akadai ni dozi ileile ya mwanzo. Nilipomwita Upepo alikuja mbio, akanilalia miguuni. Nimemkumbuka mno! Nusura nilie tena. Ndipo nikashtuka. Upepo wangu alikuwa na upara mapajani. Huyu si yeye. Wamembadilisha, na huyu wamemfundisha mpaka jina!